Kipande Kisicho na Jina

Ngigi alikifuta kile kipande Jumapili mchana, mkewe Waithera na binti yao Makena wakiwa bado kanisani, na baada ya kukifuta alijiona mtu aliyefanya kazi ya maana.

Ukitaka kumwelewa, jua kwanza kwamba alikuwa dalali wa ploti, na dalali wa ploti wa Kitengela hana siku ya kupumzika. Leo yuko Isinya akionyesha watu mawe ya mpaka, kesho yuko Kajiado kwenye ofisi ya ardhi akisukumana na foleni. Macho yake yalikuwa yamezoea jambo moja tu: kutazama ramani na kuona mahali palipolala bure. Siku hiyo alikuwa na video za shamba moja, zimepigwa kutoka angani, za kumtumia mteja aliye ng'ambo. Alipojaribu kuziweka kwenye kompyuta ya Makena, kompyuta ikamwambia nafasi imejaa.

Kompyuta hiyo ilikuwa imegawanywa na Mustafe, kijana wa Jawahir mwenye duka la jirani. Mustafe alikuwa fundi wa simu na kompyuta, na meza yake ilikuwa pale pale mlangoni pa duka la mamake. Ndiye aliyeikata diski ya Makena vipande, akaweka mifumo miwili ndani ya mashine moja: upande mmoja Windows ya nyumba nzima, upande wa pili Linux ya masomo ya chuo. Ukiiwasha, inakuuliza unataka kuingia wapi. Mustafe aliyaeleza hayo yote sebuleni kwa Ngigi, na Ngigi aliyasikia nusu, maana nusu nyingine alikuwa kwenye simu akibishana bei.

Sasa alifungua ule ukurasa wenye mchoro wa diski ambao alimwona Mustafe akiufungua. Akatabasamu. Ilikuwa ramani kabisa! Ukanda mrefu uliokatwa vipande. Kimoja kilikuwa na jina na herufi yake, kimejaa pomoni. Pembeni yake kulikuwa na kipande kikubwa kisicho na jina, kisicho na herufi, kisicho na chochote. Windows haikukijua. Mtu mwingine angeona rangi tu kwenye kioo, lakini Ngigi aliona ploti isiyo na ua wala mwenyewe, na ploti ya namna hiyo Kitengela haikai wiki kabla mtu hajaimwagia lori la mawe ya kujengea.

Akachagua kufuta. Onyo likatokea kwa Kiingereza kumuuliza kama ana uhakika. Yeye kila siku aliwauliza wateja wake kama wana uhakika, na hakuna aliyewahi kumjibu hapana. Akabonyeza ndiyo. Alikuwa anajiandaa kukiunganisha na kipande chake simu ilipolia, mteja amefika Isinya na anachomwa na jua. Akaizima kompyuta, akachukua kofia yake, akatoka.

Makena alipoiwasha jioni, haikumuuliza anataka kuingia wapi. Ilitoa kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe uliosema hakuna kipande kama hicho. Akaizima, akaiwasha. Mstari ukarudi ule ule.

"Mum," aliita, na sauti yake ilimfanya Waithera aache sufuria jikoni. "Mum, project yangu. Project yangu yote iko huku ndani."

Mradi huo ulikuwa ndio mtihani wake wa mwisho chuoni Kajiado. Alikuwa ametengeneza mfumo wa kuwawezesha wafugaji kujua bei ya ng'ombe na mbuzi sokoni kabla hawajawatoa boma. Dirie, mjomba wake Mustafe, aliyekuwa mfanyabiashara wa mifugo, ndiye aliyempa bei za masoko karibu yote. Ijumaa alikuwa asimame mbele ya walimu autetee, na bila kuutetea hakuna kumaliza chuo.

"Si uko na copy?" Waithera aliuliza.

"Ya kabla ya Easter, kwa flash. Hiyo hata haifanyi kazi. Nani ameshika hii laptop leo?"

Ngigi alikuwa mlangoni akivua viatu vyake vyenye udongo mweusi. Ilimtosha kusema neno moja wakati huo, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini binti yake alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi, na Ngigi akaogopa. Tangu Makena akiwa mdogo, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kutatua mambo katika nyumba ile, na hakujua kuwa mtu mwingine.

"Nani aishike? Mimi niliangalia tu video zangu, nikazima. Ilikuwa sawa kabisa." Kisha maneno mengine yakatoka, kana kwamba yalikuwa yanangoja nyuma ya hayo. "Huyo kijana wa Jawahir ndiye aliikatakata. Mashine inakatwa kama mkate kweli? Nilijua tu italeta shida."

Makena alikaa akiutazama ule mstari mweupe, na polepole, kwa kuwa alihitaji mtu wa kumlaumu, akaanza kuamini.

Kesho yake asubuhi Mustafe alikuja getini kabla hata hajafungua meza yake. Gari la maji lilikuwa limesimama nje, na majirani walikuwa kwenye foleni na mitungi yao.

"Mzee, habari ya asubuhi. Nimeskia laptop ya Makena imegoma. Nipe tu nione, si ati naichukua. Naiangalia hapa hapa."

Ngigi alisimama katikati ya geti. Kama angemruhusu kijana huyu aingie, angefungua ile ramani na kuona pengo. Angejua mara moja kuwa halikujifanya lenyewe.

"Umeharibu ya kutosha," alisema, kwa sauti ya kusikika na foleni yote. "Mtoto wangu ana mtihani Ijumaa. Wewe kazi yako ni kucheza na mali ya watu?"

"Mzee, mimi sikuharibu. Wallahi iko tu na kitu kidogo. Nipe..."

"Nimesema usiguse kitu cha nyumba hii tena."

Mustafe aliwatazama watu wenye mitungi. Wengine walikuwa wateja wake. Aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, mzee," akaondoka. Waithera alikuwa ameyasikia yote kutoka dirishani. Alipomuuliza mumewe kwa nini amemsema mtoto wa wenyewe mbele ya watu hivyo, Ngigi alimjibu kuwa wakati mwingine mtu lazima aambiwe ukweli.

Aliichukua kompyuta mwenyewe hadi mjini, kwa fundi aitwaye Mbuvi, asiyemjua mtu wa mtaa wao. Mbuvi aliiwasha, akausoma ule mstari, akakuna kidevu.

"Kabla izime, kuna mtu alifanya kitu? Alifuta kitu, alibadilisha kitu?"

Kulikuwa na mwanamke mmoja dukani akingoja kubadilishiwa kioo cha simu. Hakuwa akimjua Ngigi wala kumsikiliza. Hata hivyo Ngigi alishindwa.

"Hakuna," alisema. "Ilizima tu yenyewe."

"Basi hiyo ni diski imechoka. Naeza kuwekea Windows mpya, ianze upya."

"Na vitu vyenye viko ndani?"

"Hivyo vitaenda, mzee."

Afadhali hapo alikuwa na akili ya kusema wacha kwanza. Akaifunga kwenye leso ya mkewe, akarudi nayo, akaifungia kabatini chumbani kwake. Alijiambia atasema ukweli baada ya chakula. Chakula kikaliwa, akajiambia baada ya habari. Habari zikaisha, Makena akaenda kulala bila kumuaga mtu, na Ngigi akaona kuwa kesho ni siku nzuri zaidi. Ndivyo zilivyopita siku zote hadi Ijumaa.

Ijumaa alimpeleka Makena Kajiado kwa gari lake. Hilo aliona ni jambo la chini kabisa analoweza kumfanyia. Mlinzi wa chuo, mzee wa Kimaasai, alimsalimia "Sopa", naye akajibu "Epa" kwa furaha ya kupitiliza, kama mtu anayetaka kupendwa na kila atakayekutana naye.

Mwalimu Masila aliwapokea ofisini. Makena alichomeka ile flash ya zamani kwenye kompyuta ya mwalimu. Mfumo ukafunguka, ukaonyesha bei za soko moja, kisha ukakwama. Alijaribu tena, ukakwama pale pale. Alianza kueleza kwa mdomo vitu ambavyo vingeonekana, mikono yake ikichora hewani mahali ambapo masoko mengine yangekuwa. Mwalimu Masila alimwacha amalize. Kumwacha huko kwa upole kulikuwa kubaya kuliko kama angemkatiza.

"Makena, mimi nimeona hii kazi ikikua. Najua ulikuwa nayo. Lakini siwezi kukupa marks za kitu panel haijaona. Utarudia na wale wa mwaka ujao."

"Sawa, mwalimu."

"Kwani nini kilifanyika?"

"Ni fundi. Jirani yetu. Aligawa diski vibaya."

Ngigi alikuwa ameketi kando yake, kofia magotini. Aliitazama kalenda ukutani, ya kampuni ya dawa za mifugo, akasoma jina la kila dawa.

Njiani kurudi waliipita Isinya. Hapo Makena alisema, bila kugeuka, "Baba, pole."

"Pole ya nini?"

"Ulilipa fees hadi uliuza gari ile nyingine. Na mimi nikaachia mtu wa mtaa laptop. Ni makosa yangu. Nisamehe."

Ngigi alipunguza mwendo, akaingiza gari pembeni ya barabara, na mdomo wake ukafunguka kabisa. Lori la kutoka Namanga likampigia honi ndefu kutoka nyuma. Akarudi barabarani.

"Usijali," alimwambia binti yake. "Usijali, mama."

Maneno ya getini hayakubaki getini. Waithera hakuyasambaza, lakini foleni ya maji ina masikio na miguu. Kabla mwezi haujaisha, mtaa mzima ulijua kuwa Mustafe ameharibu kompyuta ya mtoto wa Ngigi na kumwangusha mtihani. Watu walianza kupita meza yake wakaenda kutengenezewa simu mjini. Mama mmoja alirudi kuchukua simu aliyomwachia, haijatengenezwa, akasema ameamua tu kukaa nayo hivyo. Mwishowe Mustafe aliifunika meza kwa turubai, akaenda Namanga kwa jamaa yao wa kutoa mizigo mpakani, kazi yake kupeleka karatasi kutoka dirisha moja hadi lingine.

Jawahir hakugombana na mtu. Aliendelea kumuuzia Waithera sukari na unga, ila aliacha kumuuliza habari za nyumbani. Waithera alirudi siku moja na paketi ya majani ya chai mkononi, akaketi kitini leso ikiwa bado kichwani.

"Baba Makena, nimeona aibu leo. Huyo mama amenihudumia kama mtu hanijui. Na wao ndio walikuja kwanza tulipofiwa na mamangu."

"Yataisha," Ngigi alisema.

Hayakuisha. Siku chache baadaye Dirie alimpigia simu. Kwa sauti ya heshima akamwambia kuwa Jumamosi watakuja nyumbani, yeye na wazee wawili wa msikiti.

"Kwetu mtoto akimkosea jirani, kosa si lake peke yake. Familia inabeba. Tunaita haal. Tunakuja kuomba radhi na kulipa, ili mimi na wewe tuangaliane tena."

"Hakuna haja, Dirie. Kweli, hakuna haja."

"Haja iko. Sisi ni majirani."

Walikuja wakati wa chai ya saa kumi. Dirie alitangulia, nyuma yake wazee wawili wenye ndevu zilizotiwa hina, na mwisho Jawahir amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Getini walikuwa wamemfunga kondoo mnono mwenye kichwa cheusi. Waithera alikuwa ametoa vikombe vya wageni. Makena aliketi kwenye kona na mikono mapajani.

Dirie alizungumza kwa utulivu. Alisema kijana wao alishika mali ya jirani na mali ikaharibika, na msichana akapoteza mwaka. Alisema mwaka haulipiki, lakini hawakutaka kuja mikono mitupu. Jawahir akakifungua kile kitambaa, akaweka kompyuta mezani. Haikuwa mpya. Pembe moja ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi wa gundi, na herufi kadhaa zilikuwa zimefutika kwa kubonyezwa.

"Hii ni ya Mustafe," Makena alisema. "Ndiyo anafanyia kazi."

"Amesema ikae na wewe mpaka umalize shule," Jawahir alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu aingie.

"Sasa yeye atatumia gani?"

"Namanga hakuna haja ya laptop. Anabeba karatasi tu."

"Lakini mwenyewe anasema nini? Amekubali ni yeye?"

Jawahir alishusha macho. "Anasema labda. Anasema hakuna mtu mwingine aliigusa, kwa hivyo lazima ni yeye, hata kama haelewi vile alikosea."

Dirie alimgeukia Ngigi. "Bado kitu kimoja. Mwenye nyumba aseme amesamehe. Aseme kwa mdomo, hawa wazee wasikie, na jambo litakuwa limekwisha."

Wote walimtazama. Waithera alimgusa kiwiko. Ngigi alisimama. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na katika kazi yake alishasema makubwa kuliko hilo bila kupepesa macho. Alimwona mzee mmoja akiinamisha kichwa kulisubiri. Aliona kile kipande cha utepe kwenye pembe ya kompyuta.

"Nime..." alianza, akakwama. Alijaribu tena, halikutoka. Badala yake akasikia kinywa chake kikisema, "Hakuna kitu cha kusamehe. Ni mimi."

"Ni wewe nini?" Waithera aliuliza.

"Ni mimi nilifuta. Jumapili ile, mkiwa church. Niliona kipande hakina jina, nikadhani ni nafasi ya bure. Mustafe hakufanya kitu. Nimenyamaza kwa sababu niliona aibu."

Waithera aliketi polepole. Makena alikuwa akimtazama baba yake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ulimfukuza mwanangu getini," Jawahir alisema. Sauti yake haikupanda. "Na wale watu wote wakiwa hapo. Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Dirie alitoa simu, akapiga, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. "Usituambie sisi," alimwambia Ngigi. "Mwambie yeye."

Mustafe aliitika katikati ya kelele za malori ya mpakani. Ngigi aliinama juu ya simu, akasema tena kila kitu, na mara hii hakuficha hata kile alichokiogopa. Alipomaliza zilisikika kelele za malori tu. Alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani.

"Mzee," Mustafe alisema hatimaye. "Ulidelete tu, ama uliweka kitu hapo juu?"

"Nilifuta tu. Nikaizima."

"Na tangu hapo?"

"Fundi wa mjini aliiwasha tu kuangalia. Hakuweka kitu. Iko kabatini."

"Basi project iko. Haijaenda mahali. Umeondoa tu mipaka, vitu viko palepale. Mamangu ako na flash yangu kwa droo ya duka, ya kijani. Makena aichukue. Nitamwambia vile atafanya."

Jawahir mwenyewe ndiye aliyekwenda kuileta. Ngigi alitoa kompyuta kabatini, akaiweka mezani kati ya vikombe, akarudi nyuma. Makena aliiwasha kupitia flash. Mustafe alimwelekeza kwa simu, bonyeza hapa, chagua hii, usiguse hiyo, ngoja isome, na yeye akafuata bila kuinua kichwa. Wazee wawili walisogeza viti vyao wapate kuona. Kile kipande kikajitokeza tena kwenye mchoro, chote, mahali pake. Makena akaiwasha upya. Mashine ikamuuliza anataka kuingia wapi.

Mradi ulifunguka. Bei za Kajiado, za Isinya, za Namanga, masoko yote, kila moja kwenye mstari wake. Chai mezani ilikuwa bado ya moto.

Makena aliziba mdomo kwa kiganja. Alikaa hivyo mpaka alipoweza kusema. "Mustafe, imerudi. Asante. Na unisamehe, hata mimi nilisema ni wewe."

"Ni kazi ndogo hiyo," Mustafe alisema. "Ile siku nilikuja kwa geti, hiyo flash ilikuwa kwa mfuko."

Ngigi alishika mgongo wa kiti. Hakuna aliyemtazama, na hilo lilimwelemea kuliko kama wangemtazama.

Simu ilipokatwa, Dirie alisimama na wazee wake wakasimama. "Kondoo tunarudi naye," alisema. "Haal iko, lakini sasa imehamia kwako. Mustafe atapanda gari aje Jumamosi ijayo. Wewe utakuja kwetu na familia yako, na utaita wale watu wa foleni ya maji. Hao pia lazima wasikie."

"Nitakuja," Ngigi alisema. Alimtazama mkewe, na Waithera, machozi yakimtoka, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamtazama binti yake. "Makena?"

Makena alikuwa akiifunga kompyuta ya Mustafe kwenye kitambaa chake, taratibu, pembe kwa pembe.

"Nitakuja, Baba," alisema. "Lakini nitakaa upande wao."

Akamkabidhi Jawahir kompyuta kwa mikono miwili, akatoka naye kumsindikiza.